Alama Tunazojihesabia Wenyewe



Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wataliona kuwa dogo, nalo ni mchezo. Si mchezo wa mpira wala wa riadha, bali mchezo wa akili, yaani mashindano ya maswali na majibu tuliyozoea kuyaita chemsha bongo. Na katika mchezo huo tutamtazama mchezaji mmoja tu: yule asiye na mwamuzi, ambaye alama zake anajihesabia mwenyewe.

Mchezo wa namna hii si mgeni kwetu. Wazee wetu waliucheza jioni, kazi za mchana zikiisha. Mmoja hupaza sauti, "Kitendawili!" nao wengine huitikia, "Tega!" Aliyeshindwa kutegua hakuachwa hivi hivi angojee jibu, alidaiwa mji. "Nipe mji," huambiwa, naye hutoa Mombasa, au Tabora, au Unguja. Na mtegaji huusafiri mji ule kwa maneno, akala na kunywa huko, ndipo akafichua jibu. Tuutafakari utaratibu huo. Hapakuwa na fedha iliyotoka mfukoni, wala mji uliohama mahali pake. Kilichotolewa ni ungamo: "Sijui, umenishinda." Ungamo hilo ndilo lililokuwa ada ya kujifunza. Aliyekataa kutoa mji, akadai kwamba jibu alikuwa akilijua tangu mwanzo, aliwaharibia wenzake mchezo wote, maana hapakuwa na njia ya kumpima.

Huko Marekani upo mchezo wa televisheni wenye undugu wa karibu na kitendawili chetu. Jina lake ni Jeopardy!, na mbunifu wake aliitwa Merv Griffin. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Machi 1964, ukaja kusimama, kisha ukarudi kwa nguvu mpya mwezi Septemba 1984 ukiongozwa na Alex Trebek, mzaliwa wa Kanada, ambaye aliuongoza hadi alipofariki dunia tarehe 8 Novemba 2020. Washindani watatu husimama mbele ya ubao wenye mada sita, na kila mada ina vidokezo vitano. Hawaulizwi swali, husomewa maelezo yaliyo kama jibu, nao hutakiwa kulitamka swali linalolingana nalo. Anayepatia huongezewa dola. Anayekosea hupunguziwa kiasi kile kile. Anayenyamaza haongezewi wala hapunguziwi. Duru ya pili huwa na thamani maradufu, na mwishoni hubaki kidokezo kimoja ambacho kila mshindani hukiwekea dau. Jumla ya vidokezo ni 61. Mwaka 2004 mtu mmoja, Ken Jennings, alishinda michezo 74 mfululizo, akajipatia zaidi ya dola milioni mbili na nusu.

Hata hivyo, ndugu wapendwa, leo hatukuja kuwasifu mabingwa. Tunataka kuwatazama watu wa sebuleni. Kwa kila mshindani mmoja anayesimama studioni, wako maelfu kwa maelfu ambao hawatasimama pale kamwe, lakini kila jioni huketi mbele ya televisheni na kalamu mkononi, wakijibu pamoja na wale watatu na kuandika alama zao kwenye kipande cha karatasi. Kisha huambiana: mke na mume, ndugu walio mbalimbali, marafiki wa kazini, na hata watu wasiopata kuonana uso kwa uso, wanaopelekeana matokeo kwa njia ya intaneti. Nani leo amepata nyingi? Nani ameshindwa katika mada ya mito ya Ulaya? Hakuna tuzo yoyote. Aliyeshinda hupewa pongezi na kutaniwa kidogo, basi, wakaagana hadi kesho.

Mashabiki hao wanayo kanuni ya kujihesabia, iliyopewa jina la Karl Coryat, mmoja wa mabingwa wa mchezo huo. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Unajumlisha thamani ya kila kidokezo ulichokijibu sawasawa, na unatoa thamani ya kila ulichokikosea. Lakini faida zote za dau huachwa nje ya hesabu: kidokezo ambacho mshindani wa studioni angeweza kukiwekea fedha zake zote huhesabiwa kwa thamani yake ya kawaida tu, na kile cha mwisho hakihesabiwi kabisa. Kwa thamani zinazotumika tangu mwaka 2001, mtu aliyejua kila kitu atapata 54,000, wala hawezi kupita hapo. Kwa maneno mengine, kanuni hii huondoa bahati na ujasiri wa kubahatisha, ikabakiza jambo moja tu: ulijua, au hukujua?

Na ni nani anayehakikisha kwamba kanuni imefuatwa? Hakuna. Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha mazungumzo yetu. Mtu yuko peke yake sebuleni. Kidokezo kinasomwa, jibu linamponyoka, mshindani wa studioni analitaja, na papo hapo moyo unanong'ona, "Hilo nalo nilikuwa nalijua! Lilikuwa ulimini kabisa!" Kalamu iko mkononi. Je, ataandika au hataandika? Tena, vituo mbalimbali vya televisheni huurusha mchezo ule ule kwa saa tofauti, na mwenye kuutazama mapema angeweza kumnong'oneza rafiki wa mji mwingine majibu yote. Hakuna polisi wala hakimu atakayejua. Lakini mashabiki waaminifu huzuia ndimi zao mpaka wenzao wote watazame, na jibu lililokuwa ulimini huliandika kuwa ni jibu lililokosekana. Ulimini si kinywani.

Liko pia shindano jingine, ambalo wapenzi wengi wa mchezo huo hushiriki. Huitwa LearnedLeague, lilianzishwa mwaka 1997, na huchezwa kwa intaneti. Kila siku ya mashindano mchezaji hupewa maswali sita na mpinzani mmoja. Ni marufuku kutafuta jibu kitabuni au kwingineko, ilhali kila mmoja anacheza mbele ya chombo kile kile ambacho kingempa majibu yote kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, mchezaji ndiye anayempangia mpinzani wake thamani ya maswali: moja hulipa sifuri, mawili hulipa alama moja moja, mawili mengine hulipa mbili mbili, na moja hulipa tatu. Mwenye busara hutazama kwanza mpinzani wake amefanya vipi siku zilizopita: anajua muziki? Anajua sayansi? Lile analodhani mwenzake atalijibu kwa urahisi hulipa sifuri, na lile gumu kwake hulipa tatu. Ajabu ya mchezo huo ni kwamba huwezi kushindana vyema na mtu usiyejishughulisha kumfahamu.

Labda msikilizaji atauliza: kwa nini tuhangaike na uaminifu katika jambo lisilo na tuzo? Mtu akijiongezea alama mia mbili katika karatasi yake, amemdhulumu nani? Ili kujibu, turudi nyuma kidogo katika historia ya michezo hii.

Katika miaka ya 1950, Wamarekani walipenda mno chemsha bongo za televisheni zenye fedha nyingi. Mmojawapo uliitwa Twenty-One. Mwishoni mwa mwaka 1956 bingwa wake alikuwa Herbert Stempel, na watayarishaji wakataka aondoke ili mtu mwingine, mwenye kuwavutia zaidi watazamaji, ashike nafasi yake. Wakamwamuru ashindwe. Aliulizwa ni filamu gani iliyopata tuzo ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, naye alilijua vizuri sana; lakini mbele ya taifa zima akatamka jina la filamu nyingine, kama alivyoagizwa. Aliyechukua nafasi yake ni Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana mwenye elimu na adabu. Akashinda wiki baada ya wiki, akajipatia dola 129,000, na picha yake ikatokea katika jalada la gazeti la Time mwaka 1957. Wazazi wakawaambia watoto wao wamwige. Kumbe maswali na majibu alikuwa akipewa kabla. Tarehe 2 Novemba 1959, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, alikiri kwamba alishiriki katika udanganyifu huo. Akaipoteza kazi yake ya ualimu, na mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kukataza michezo ya kughushi.

Tuwatazame watu hao wawili kwa huruma, bila kuwarushia mawe. Mmoja alijua, akalazimika kujifanya hajui. Mwingine hakujua, akakubali kujifanya anajua. Wote wawili walivuliwa kitu kimoja, nacho ni ile raha safi ya kusema, "Hiki nakijua, kile sikijui." Na ubaya zaidi ni kwamba Van Doren alikuwa msomi wa kweli. Hakuhitaji uongo ili aheshimiwe. Lakini alipoupokea, hata ujuzi wake halisi ukatiliwa shaka, kama vile maji safi yanavyomwagwa yote kwa sababu ya tone moja la sumu.

Naye Griffin alisimulia kwamba Jeopardy! ilizaliwa katika kivuli cha aibu hiyo. Alimwambia mkewe, Julann, kwamba angependa kutunga mchezo wa maswali, lakini baada ya kashfa ile hakuna atakayeuamini. Mama huyo akamjibu kwa utani: kwa nini basi usiwape washindani majibu tangu mwanzo? Akamtajia namba 5,280, naye mumewe akajibu kwa swali: maili moja ina futi ngapi? Hivyo ndivyo mchezo ulivyoanza. Majibu yaliyokuwa yakitolewa sirini yakatolewa hadharani, mbele ya macho ya wote, na kilichokuwa aibu kikageuzwa kuwa kanuni.

Ndugu wapendwa, Maandiko Matakatifu nayo yanatupa mifano miwili ya mashindano ya namna hii. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 14, tunasoma habari za Samsoni aliyewategea kitendawili wageni thelathini katika karamu ya harusi yake, na dau likawa mavazi ya kitani thelathini na mivao thelathini ya nguo. Wageni waliposhindwa hawakutaka kutoa mji. Walimtisha bibi arusi hata akamlilia mumewe siku baada ya siku, akalipata jibu na kuwapa. Wakashinda, lakini kwa ushindi gani? Samsoni alishuka Ashkeloni, akawaua watu thelathini ili apate nguo za kulipia dau, akarudi kwa baba yake akiwa na hasira. Na bibi arusi akapewa mwanamume mwingine. Karamu ikavunjika, ndoa ikavunjika, damu ikamwagika, na chanzo chake ni jibu la wizi.

Mfano wa pili uko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 10. Malkia wa Sheba alisafiri kutoka mbali ili kumjaribu Mfalme Sulemani kwa maswali magumu. Hayo nayo yalikuwa mashindano. Lakini malkia aliposhindwa hakununa wala hakutafuta kisingizio. Alikiri waziwazi kwamba aliyoyasikia nyumbani kwake hayakufikia hata nusu ya aliyoyaona, akamtukuza Mungu wa Sulemani, akatoa talanta 120 za dhahabu. Naye mfalme akampa kila alichokitamani. Wote wawili waliachana wakiwa matajiri kuliko walivyokutana. Malkia huyo alijua kutoa mji!

Sasa swali letu limepata jibu. Anayejiongezea alama sebuleni amewadhulumu watu wawili. Wa kwanza ni mwenzake, ambaye anadhani anacheza na mtu, kumbe anacheza na kivuli. Mwenzake anapompongeza, pongezi zinakwenda kwa mtu asiyekuwepo. Wa pili ni yeye mwenyewe. Karatasi ile ilikuwa kioo cha kumwonyesha ni wapi pa kujifunza, naye amekipaka masizi. Kesho na keshokutwa atabaki hajui alichokuwa hajui, kwa sababu imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe kwamba anajua.

Na tabia ya sebuleni haikai sebuleni. Mwanafunzi aliyezoea kuandika lililokuwa ulimini ataona si vibaya sana kuutazama mtihani kabla ya siku yake. Cheti atakipata. Lakini siku moja atasimama mbele ya mgonjwa na bomba la sindano mkononi, au mbele ya darasa la watoto sitini, au chini ya daraja alilolichora mwenyewe, na pale hapatakuwa na wa kumnong'oneza. Mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo, ambaye daftari lake halikaguliwi na mtu kwa sababu wote wanamwamini, naye anajihesabia alama. Vivyo hivyo mwenye duka na mizani yake, na fundi anayepaka rangi juu ya ufa asioutengeneza. Kazi nyingi za maisha yetu hazina mwamuzi. Zina karatasi, kalamu, na dhamiri.

Kanisa limetufundisha tangu zamani kuchunguza dhamiri kila usiku kabla ya kulala. Tunaweza kuwaiga wachezaji wale katika zoezi hili takatifu. Kwanza, tuondoe dau. Kama leo tumefanikiwa kwa bahati, au kwa kusifiwa kwa kazi ya mwingine, tusiyahesabu hayo. Pili, tuyatoe makosa kwa thamani yake kamili: neno la dharau alilotupiwa mtumishi wa nyumbani lisiandikwe kwa nusu bei eti kwa kuwa tulikuwa tumechoka. Tatu, tukumbuke kwamba mchezoni asiyejua akanyamaza hapunguziwi kitu. Ni mara ngapi tungalibaki salama, na majirani zetu pia, laiti tungalinyamaza juu ya habari tusiyokuwa na hakika nayo! Na baada ya hayo, tukiona jumla imekuwa ndogo, tusikate tamaa. Alama ndogo iliyo ya kweli ni ardhi imara ya kujengea. Alama kubwa ya uongo ni mchanga.

Walakini, hatuna budi kuongeza neno moja, kusudi mtu yeyote asije akadhani kwamba mbele ya Mungu sisi ni karatasi za alama tu. Mwezi Machi 2019 Alex Trebek aliutangazia umma kwamba ana saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea. Akaendelea na kazi. Mwezi Novemba mwaka huo huo, katika mashindano ya mabingwa, kijana mmoja alifikia kidokezo cha mwisho akiwa nyuma ya wenzake. Mahali pa kuandika jibu, hakuandika jibu. Aliandika, kwa mtindo wa mchezo wenyewe, maneno mafupi ya kumwambia mzee yule kwamba wanampenda. Jibu hilo lilihesabiwa kosa, kama ilivyokuwa haki. Naye akabakiwa na dola tano. Trebek aliyasoma maneno yale kwa sauti, akashukuru, na sauti ikamkwama.

Hapo tunauona mwisho wa ushindani wa kirafiki. Alama zilihesabiwa kwa uaminifu, wala hakuna aliyeomba kijana yule apendelewe. Lakini upendo ulikuwa mkubwa kuliko ubao. Mambo hayo mawili hayapingani. Ni yule aliyezoea kuhesabu kwa haki anayeweza pia kupoteza kwa hiari, kwa kuwa hana uongo wa kuulinda. Mungu wetu hutaka ukweli katika hesabu zetu, si kwa sababu anatupenda kwa kadiri ya jumla yake, bali kwa sababu hawezi kumkumbatia yule mtu wa kubuni tuliyemwandika karatasini. Anamngoja yule halisi, mwenye makosa yake, aliyekubali kutoa mji.

Basi jioni ya leo, enyi wazazi, chezeni na watoto wenu. Tegeaneni vitendawili, ulizaneni miji mikuu ya nchi na majina ya manabii. Na kila mmoja ajihesabie alama zake mwenyewe. Mtoto akisema, "Hilo sikulijua," msifuni kwa sauti kubwa kuliko mnavyomsifu aliyejua. Huyo ndiye mtakayemkabidhi funguo za nyumba siku moja.

Na tuombe: Ee Mungu, wewe unayeyajua majibu yote na mioyo yote, utujalie kuandika kweli pale ambapo hakuna atuonaye ila wewe. Utupe marafiki wa kushindana nao bila chuki, kushindwa nao bila kinyongo, na kushinda bila majivuno. Na siku utakapotuita tutoe hesabu yetu, ukute kwamba tulikwisha kuandika kwa mkono wetu wenyewe ile ile uliyokuwa nayo wewe, kisha uijazie kwa huruma yako palipopungua. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.